Columbus, Indiana: mji uliolipa plani mbele ya matofali

Sisi tuliosoma Bukavu tunajua sauti ya grupe. TFC yangu niliimaliza usiku, ndani ya sekretariati moja karibu na chuo. Umeme umekatika, grupe inanguruma inje, na mimi naomba tu esanse isimalizike mbele ya ukurasa wa mwisho kutoka kwenye mashine. Ile ilikuwa grupe ndogo. Kwenye mahospitali, kwenye mahoteli, kwenye machimbo ya Katanga kuko zile kubwa, na mingi kati yake zimeandikwa jina moja ubavuni: Cummins. Jina hilo nalisoma tangu utoto. Sikujiuliza hata siku moja kama lilikuwa jina la mtu, wala kama mtu huyo alikuwa na mji.

Mwaka jana nilipata bahati ya kwenda Indiana, Marekani, kwa mafunzo mafupi ya kuhifadhi udongo. Jumamosi moja yaya wangu, mtoto wa baba mkubwa anayeishi Indianapolis, akaniambia: "Mdogo, leo nakupeleka Columbus."

"Yaya, ile ya Ohio? Si ni mbali?"

"Hapana. Hii ni ya hapa hapa Indiana, ndogo. Napita kule kila wiki na kamio, napakua, narudi. Sijawahi kushuka hata siku moja kutembea. Wazungu wanatoka mbali kuja kuangalia majengo yake. Twende na sisi tuone wanaangalia nini."

Tukashuka kusini, karibu kilometa 70. Njia yote ni mahindi na soya, mahindi na soya, tambarare sawa vile bonde letu la Ruzizi lakini bila milima pembeni. Kwa mtu wa agronomi, hiyo peke yake ilikuwa matembezi ya kutosha. Kisha shamba linaisha, na unaingia mu mji wa watu karibu 50,000. Uvira ni kubwa kuliko pale. Lakini mwaka 1991 chama cha wasanifu majengo cha Marekani kiliuweka mji huo nafasi ya sita katika nchi nzima kwa ubunifu wa majengo, nyuma ya miji mikubwa kama Chicago na New York. Namna gani mji wa katikati ya mahindi ulifika pale? Hiyo ndiyo historia ninayotaka tuisome pamoja, juu inatugusa sisi wenye diploma kuliko nilivyofikiri.

Kumbe Cummins alikuwa dereva. Clessie Cummins alikuwa fundi na dereva wa familia ya Irwin, familia ya benki pale Columbus. Alikuwa na wazo la kutengeneza injini ya dizeli, na W. G. Irwin, mwenye benki, akamwekea pesa. Kampuni ikazaliwa mwaka 1919. Usidhani ilizaa matunda haraka: ilikula pesa ya familia miaka mingi, na faida ya kwanza ilionekana tu mwaka 1937. Mwaka 1934, katikati ya ile hasara, kampuni ilipewa kijana wa miaka 25 aiongoze: J. Irwin Miller, mjukuu wa dada ya yule mwenye benki. Alikuwa amesoma Yale na Oxford. Fikirini: kijana wa umri wetu, ametoka masomo, anapewa kiwanda ambacho hakijawahi kuleta hata franka moja.

Jengo la kwanza tuliloliona ni kanisa, First Christian Church, la mwaka 1942. Wakati ule kanisa Marekani lilikuwa linajengwa sawa vile makanisa ya zamani ya Ulaya. Wakristo wa pale, familia ya Miller ikiwa kati yao, wakamwendea Eliel Saarinen, msanifu kutoka Ufini. Akawajengea sanduku la matofali ya rangi ya mchanga, lenye mistari iliyonyooka, na mnara wa karibu mita 50 uliosimama pembeni peke yake. Hakuna pambo la kukulazimisha kusema "ee". Ni mojawapo ya makanisa ya kwanza ya mtindo wa kisasa katika nchi yote. Yaya aliangalia mnara, akasema: "Mimi nilidhani ni tanki la maji." Tukacheka. Lakini tulipokaa kwenye benchi dakika kumi, akanyamaza, akasema tena: "Hapana. Tanki haliwezi kukutuliza hivi."

Katika kujenga kanisa lile, kijana Miller alijuana na mtoto wa Eliel, Eero Saarinen, naye msanifu. Wakawa marafiki. Miaka kumi na zaidi baadaye familia ilitaka benki mpya, na Eero akapewa kazi. Mwaka 1954 Irwin Union Bank ikafunguliwa. Benki za wakati ule zilikuwa sawa vile ngome: ukuta mnene, nguzo za kutisha, mfanyakazi nyuma ya vyuma. Eero akaweka nyumba ya chini, kuta za kioo, miti kuzunguka pande zote, na juu ya paa kuba tisa ndogo za kuingiza mwanga. Vyuma mbele ya wafanyakazi akavitoa kabisa. Mkulima mwenye matope kwenye buti angeweza kuingia na kuomba mkopo bila kujisikia mdogo. Mimi nimesindikiza wakulima kwenye biro za mikopo kwetu, nimeona wanavyovua kofia mlangoni na kuongea kwa sauti ya chini. Nikaelewa yule msanifu alikuwa anajibu swali gani.

Lakini moyo wa historia hii hauko kwenye kanisa wala benki. Uko kwenye shule za watoto.

Baada ya vita ya pili ya dunia watoto walizaliwa wengi sana Marekani, na Columbus ilihitaji shule mpya haraka haraka. Unajua kitu kinachojengwa haraka haraka kinakuwaje. Miller aliona kwamba mji utajaa majengo ya hovyo ambayo watoto watakaa ndani miaka mingi. Angeweza kufanya vile matajiri wanafanya: kujenga shule moja nzuri, kuandika jina lake juu ya mlango, kuita watu wa picha. Hakufanya vile. Fondasyo ya kampuni ya Cummins ilipeleka kwa wakubwa wa shule pendekezo moja dogo: nyinyi jengeni kwa pesa yenu ya kodi kama kawaida, na sisi tutalipa mshahara wa msanifu majengo. Sharti moja tu: msanifu huyo mumchague kutoka kwenye orodha ya wasanifu wazuri tutakayowapa. Kuchagua ni kwenu.

Shule ya kwanza, Lillian C. Schmitt, ilichorwa na Harry Weese, ikafunguliwa mwaka 1957. Watu wakaona inawezekana. Mwaka 1960 fondasyo ikafungua mlango kwa majengo mengine ya umma, si shule tu: zimamoto, posta, nyumba za serikali ya mji. Na mji ukaendelea kuchagua, mwaka kwa mwaka, jengo kwa jengo.

Ndugu wasomi, soma tena ile sharti. Hawakulipa matofali. Hawakulipa sima wala mabati. Walilipa plani: kichwa cha mtu aliyesoma, kazi ya kukaa, kupima, kufikiri, kuchora, kufuta, kuchora tena. Kati ya pesa yote ya jengo, ile ndiyo sehemu ndogo. Na ndiyo sehemu ambayo watu wanakataa kwanza, juu haionekani kwa macho.

Hapa niliona aibu, na nitawaambia kwa nini. Kijijini kwa mama yangu, upande wa bonde la Ruzizi, wazazi walijenga shule ya madarasa matatu kwa mikono yao. Wanawake walibeba mchanga kutoka mtoni, wanaume walichoma matofali, kila nyumba ikatoa pesa ya mabati. Plani haikuweko. Fundi alijenga kwa kichwa, mlango akauelekeza barabarani ili wapita njia waone, na miti ya paa haikufungwa na kitu chochote kwenye ukuta. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, upepo wa mchana mmoja, ule unaopanda kutoka ziwani, uliingia kwa mlango na kunyanyua paa yote. Ilikuwa siku ya Mungu, hakuna mtoto ndani. Ingekuwa Jumatatu, leo ningeandika kitu kingine. Mabati yalilipwa. Sima ililipwa. Mtu wa kujua upepo unatoka wapi ndiye hakulipwa.

Na sisi maagronomu hatuna tofauti. Mkulima atauza mbuzi anunue mbegu, atakopa anunue mbolea. Ukimwambia kupima udongo kuna bei, atakuangalia sawa vile mwizi. Ushauri anautaka bure, kwenye simu, saa tatu za usiku. Wangapi humu tuna lisansi ukutani, na kazi yetu watu wanaiita "kusema tu"?

Turudi Columbus. Tulitembea kwa miguu, juu katikati ya mji ni karibu karibu. Mbele ya kanisa la Saarinen baba kuko maktaba, Cleo Rogers, ya mwaka 1969, iliyochorwa na I. M. Pei, yule aliyeweka baadaye piramidi ya kioo pale Louvre, Paris. Pei hakujenga maktaba peke yake. Alitengeneza uwanja mbele yake, na uwanja ule ndio unaunganisha maktaba, kanisa na nyumba ya zamani ya familia ya Irwin. Katikati mwaka 1971 wakasimamisha tao kubwa la shaba la Henry Moore, mita sita hivi. Watoto wawili walikuwa wanakimbizana chini yake wakati mama yao anasoma. Hakuna aliyewafukuza.

Mtaani kidogo kuko jengo refu la kioo, The Republic, lililojengwa mwaka 1971 kwa ajili ya gazeti la mji. Msanifu Myron Goldsmith alilifanya lionekane ndani yote, ili watu wanaopita waone gazeti lao linavyochapwa. Leo gazeti limehama, na ndani ya kioo kile kuko wanafunzi wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu cha Indiana. Niliwaona wameinama kwenye meza. Nikakumbuka usiku wangu wa TFC na grupe. Nikajiambia: injini ile ile.

Kuna pia nyumba ya Miller mwenyewe, ya mwaka 1957, unaifikia kwa basi ndogo ya wageni. Eero Saarinen alichora nyumba, Alexander Girard akatengeneza ndani, na Dan Kiley akafanya bustani. Wengi wanakuja kuangalia sebule yenye shimo la mraba lenye makochi na mito ya rangi, ambapo watu wanakaa wakiongea. Mimi, mtu wa mimea, nilikaa inje. Kiley alipanda miti ya Gleditsia kwa mistari miwili iliyonyooka, sawa vile njia ya kwenda kanisani. Ni mti wa jamii ya mikunde, ndugu ya maharagi yetu, na majani yake ni madogo madogo: yanatoa kivuli lakini mwanga unapita, majani ya chini hayafi. Nyumba imewekwa juu, na chini kuelekea mto Flatrock wameacha nyasi na miti bila kujenga. Sehemu ya mafuriko imeachiwa mto. Mtu alisoma ile ardhi mbele ya kuigusa. Ile pia ni plani, na ni ya aina ninayoijua.

Sasa, nisiwauzie paradiso. Tuliporudi kwenye gari yaya aliniuliza swali la kweli: "Mdogo, yote haya ni kampuni moja na mzee mmoja. Siku alikohoa, mji mzima ulishikwa na mafua. Sisi tutapata wapi tajiri wa namna ile?"

Ana haki. Orodha ya wasanifu ilitoka upande wa mwenye pesa, na mwenye pesa hata akiwa mwema anabaki mwenye pesa. Miller alikufa mwaka 2004. Irwin Union Bank, ile benki ya kioo, ilifungwa mwaka 2009 wakati wa mgogoro wa pesa, na jengo lake baadaye likawa nyumba ya mikutano ya Cummins. Juni 2008 maji yaliingia mjini hata hospitali ikahamisha wagonjwa, na sifa ya majengo haikuzuia tone moja. Mnara wa lile kanisa la 1942 ulipasuka kiasi kwamba watu walichanga mamilioni ya dola kuutengeneza. Na North Christian Church, kanisa la pembe sita lenye mkuki wa karibu mita 58, kazi ya mwisho mwisho ya Eero Saarinen, lililofunguliwa mwaka 1964 yeye akiwa amekufa tangu 1961, lilibaki bila waumini wa kutosha. Mwaka 2022 wakasali mara ya mwisho. Jengo likakabidhiwa kwa maktaba ya wilaya. Plani nzuri haikuwahakikishia watu wa kukaa ndani.

Lakini nilimjibu yaya hivi, na hata sasa nasimama pale pale. Tajiri ndiye aliyeanza, lakini waliochagua ni watu wa kawaida: komite ya shule, wakubwa wa zimamoto, watu wa maktaba. Walilazimika kukaa mbele ya orodha, kumwalika msanifu, kumuuliza maswali, kubishana naye. Ukifanya hivyo miaka thelathini, unajifunza kuuliza. Sawa vile mkulima aliyewahi kupimiwa udongo mara moja: mwaka wa pili yeye ndiye anakuuliza wewe maswali magumu. Mnara ulipopasuka, Miller hakuweko tena, na watu wakachanga hata hivyo.

Nilirudi nyumbani Septemba. Ile shule ya kijijini ilikuwa inatafuta kujengwa tena, madarasa mawili. Nilienda kwenye mkutano wa komite ya wazazi, nikasema tumlipe kwanza kijana mmoja aliyemaliza masomo ya ujenzi, aje apime kiwanja na kuchora, mbele ya kununua hata tofali moja. Bei yake ilikuwa bei ya mabati kumi na mawili. Nilihesabu hivyo makusudi, juu mabati kila mtu anayajua.

Mzee mmoja akasimama, akaniuliza: "Mtoto wangu, karatasi itazuia mvua?"

Watu wakacheka. Nikasema: "Hapana, mzee. Lakini itatuambia mvua inatoka upande gani."

Akauliza tena: "Na wewe, nyumba yako ile unayojenga mjini, nani aliichora?"

Hapo nikashindwa. Juu plani ya nyumba yangu alinichorea rafiki, lisansi ya ujenzi kama mimi lisansi ya agronomi. Nilimlipa kwa chupa mbili za Primus na maneno "tutaonana". Mimi ninayelalamika kwamba wakulima wanataka kichwa changu bure, nilichukua kichwa cha mwenzangu bure. Nililisema mbele ya komite yote. Mzee akatikisa kichwa, akakaa.

Walikubali kulipa nusu kwanza, nusu baada ya kuona. Kijana alikuja, akakaa siku mbili, akauliza akina mama upepo unapiga saa ngapi. Mlango sasa umechorwa upande wa mlima. Kujenga bado: pesa ya sima inachangwa. Na mimi wiki ile nilimtumia rafiki yangu deni lake kwa simu, pesa yote. Akanipigia akidhani nimekosea namba.

Sasa nawauliza na nyinyi, wanasheria, wauguzi, walimu, watu wa ujenzi na wa mahesabu: ni kichwa cha mwenzako gani ulichotumia bure mwaka huu? Anza pale.